Kibuyu Chenye Mwisho

Saa tisa usiku, Malargüe, mwezi wa Julai.
Theluji imelala ndani ya dishi kama unga uliosahaulika ungoni,
na Evaristo anachemsha maji kwa mara ya nne.
Kinywaji cha huku kinaitwa mate, usicheke:
majani machungu, kibuyu kimoja, mrija mmoja,
mkono kwa mkono hadi ladha iishe.

Darubini tunayoilinda inaitwa Lechuza, yaani bundi.
Bibi yake Evaristo alipolisikia jina alipiga ishara ya msalaba:
mmemrusha mbinguni mwita maiti?
Walioiunda walikuwa wamefikiria macho tu.

Kazi yake huyu bundi ni kuona joto la vitu baridi,
mawingu ambamo nyota bado hazijaamua kuwaka.
Na ili aone baridi, yeye awe baridi zaidi.
Kwa hiyo alibebeshwa mtungi wa heli mgongoni,
lita elfu mbili na mia moja,
zinazotoweka pumzi kwa pumzi,
kila pumzi ikimchukulia joto lake na kulitupa gizani.

Chovya chovya. Mnajua buyu lile liliishaje.
Lakini sisi hatukuiba asali.
Tulikabidhiwa buyu,
tukatajiwa siku litakapokauka,
tukaambiwa: chovyeni upesi.

Haikuwa siri. Kabla chuma cha kwanza hakijakatwa
mtu fulani aliketi mezani, pengine ana mafua,
akaandika kwa penseli: miaka mitatu na nusu.
Angeongeza mtungi, roketi ingekataa uzito.
Angepunguza kioo, nyota zingekataa kuonekana.
Akaugawa ufukara wake kwa haki, akaenda kula.

Amefikisha minne na miezi miwili.
Ile minane ya ziada tunajisifia
kana kwamba tuliizaa.

Jumatatu Maarika Lepik, mwanafunzi wa Tartu,
aliomba dakika ishirini
kwa wingu ambalo hakuna aliyelipa jina.
Barua yake ilikuwa na makosa matatu ya tahajia.
Nikamnyima profesa mmoja, nikampa yeye.

Dakika ya kumi na tatu nambari ikapanda:
mbili nukta moja. Mbili nukta nne.
Tatu.
King'ora hakikulia. Kioo hakikupasuka.
Jicho lilipata joto tu,
joto ambalo lingekugandisha wewe kabla hujasema "a",
na lilipopata joto likaanza kujiona lenyewe kila lilipotazama,
mwanga wa mwili wake ukaifunika mbingu.
Nusu ya wingu ilifika Tartu.
Nusu nyingine iko palepale, haina habari.

Paneli zake nzima. Redio yake nzima.
Magurudumu ya kumgeuza yanazunguka bila kukwaruza.
Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ni mzima
kila kiungo, kasoro pumzi.
Na hakuna wa kupanda na ndoo:
kilomita milioni moja na nusu,
hakuna hata kituo cha mafuta njiani.

Wiki nzima tumemsukuma kando
alizunguke jua peke yake, asije akawazibia njia
watakaokuja na mitungi yao, na tarehe zao.
Imebaki amri moja: zima redio.
Sekunde tano kwenda.
Sekunde tano, ukimya kurudi.

Evaristo ananipa kibuyu.
Nilisahau kuwaambia: huku ukikirudisha kimya, utajaziwa.
Ukisema asante, umemaliza,
zamu inakuruka.

Nanyonya hadi mrija unakoroma.
Nabonyeza.
Nahesabu moja hadi kumi, kisha tena hadi kumi,
na mstari wa kijani unalala kwenye skrini.

Namrudishia Evaristo kibuyu.
Sisemi neno.
Anajaza.